Betri ya Nani?

Vijana sita walikuwa wameisukuma Kaa hatua kama mia tatu, mimi nikiwa nimekaa juu kama bwana harusi, ndipo mmoja wao akasimama, akajipangusa jasho na kuniuliza, "Kaka, hii si ni otomatiki?"

Kaa ni pikipiki yangu ya magurudumu manne, ile ya kupita kwenye matope na mawe. Watoto waliipa jina hilo kwa jinsi ilivyotanua miguu. Na naam, ni otomatiki. Nguvu inakwenda magurudumuni kwa mkanda, na klachi yake haishiki mpaka injini yenyewe izunguke kwa kasi. Injini ikiwa imezima, yenyewe na magurudumu hawajuani kabisa. Sukuma mpaka nchi jirani, haitawaka. Nililijua hilo, nimelisoma kwenye kitabu chake, na ukurasa wenyewe una alama ya kidole changu chenye oili. Lakini ukishakaa juu unasukumwa na watu sita, akili nayo huomba likizo.

Niliwashukuru. Waliondoka bila kuitikia.

Ugonjwa wa Kaa ulikuwa huu: nikiichaji betri usiku, asubuhi inawaka mara moja. Natembea, nazima, nawasha, natembea, nazima. Mara ya nne au ya tano nikibonyeza kitufe inajibu tik-tik-tik, na taa za dashibodi zinafifia kama mjumbe anayesinzia mkutanoni. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki pikipiki angesema palepale kwamba chaji hairudi kwenye betri. Mimi nilitaka ushahidi. Nikaenda kuazima mita ya kupimia umeme kwa shemeji.

Shemeji alinipa huku anafunga mlango, ana haraka, akanitupia neno kuhusu betri. Nikamjibu, "Ndiyo, betri ndiyo ninayokwenda kupima."

Kipimo changu cha kwanza kilikuwa cheche. Waya mwekundu wa mita ulikuwa umeachwa kwenye tundu la ampea, yaani la kupima wingi wa umeme unaopita, nami nikagusisha ncha zote mbili kwenye vichwa vya betri bila kutazama. Mita ikiwa kwenye ampea haina tofauti na kipande cha waya mtupu. Pah! Ncha ikachimbika kishimo cheusi, mimi nikajikuta nimekaa ndani ya beseni la oili chafu.

"Pole, baba," ikasema sauti kutoka barazani.

Alikuwa mama mkwe. Alikuwa amekuja kutusalimia kwa wiki moja, na alikaa pale tangu asubuhi na tochi yake pembeni, maana haachani nayo hata mchana. Mbele ya mama mkwe mtu hatoki kwenye beseni kwa papara. Nikajiinua taratibu, nikasema, "Asante mama, ndivyo inavyoanza."

Nikahamisha waya, nikageuza swichi kwenye volti, nikapima upya. 14.4. Injini imezima.

Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika, husoma 12.6 mpaka 12.8 hivi, na ikishuka kwenye 12 ujue imebaki robo au pungufu. Hiyo 14.4 ni namba ya betri inayochajiwa, injini ikinguruma. Betri iliyolala ikisoma 14.4 ni sawa na maiti kuwa na homa. Mimi nilifurahi. Tena kwenye kona ya kioo cha mita nikaona kialama kidogo cha betri kinapepesa, nikaipenda zaidi: mita hii ina akili, imetambua yenyewe kwamba ninachopima ni betri.

Basi betri nzima, chaji nzuri, mkosaji ni stata, ile mota ya kuzungusha injini iwake. Nikaifungua jioni nzima, nikaiunganisha moja kwa moja na betri ya gari ili nione ilivyochoka. Ilizunguka kwa nguvu ikaruka kutoka mezani. Nikairudisha mahali pake, ikabaki boliti moja. Ninayo mpaka leo.

Siku ya tatu niliiwasha Kaa kwa kuiunganisha na betri ya gari, nikapima injini ikiwa inanguruma: 16.2. Sasa mambo yakanyooka! Chaji inatakiwa icheze kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15 betri inachemka. Kwa hiyo aliyekufa ni regyuleta, kile kisanduku chenye mapezi ya alumini kinachopokea umeme wa steta, yaani kizalishaji umeme cha injini, kikaunyoosha uende upande mmoja na kuuzuia usizidi. Nikanunua mpya. Plagi ya waya za steta ilikuwa imeng'ang'ania, ikabidi niivute kwa koleo, ikatoka na harufu ya kitu kilichoungua. Nikasema moyoni, imebana vizuri hii. Nikaibana vilevile kwenye regyuleta mpya.

17.1.

Nikairudisha kwa maneno makali. Muuzaji akanibadilishia, nadhani ili niondoke tu. Ya pili ikasoma 17.8. Nikazima injini nione: 17.3. Pikipiki imezima, ufunguo ninao mfukoni, na betri ina volti kumi na saba. Mtu mwenye akili zake angeangalia alichoshika mkononi. Mimi niliandika kwenye daftari: "Betri imezoea." Nikapigia mstari.

Jioni hiyo mke wangu aliuliza, kwa upole wa kutisha, kama mwezi huu tutanunua regyuleta ya tatu. Nikachukua mita nimwonyeshe, nikaanza mhadhara juu ya sumaku na koili. Mama mkwe alikuwa kimya. Kisha akasogeza kiti.

"Baba, hicho kidude kwenye kona ni nini?"

"Ni betri, mama. Mita inajulisha kwamba inapima betri."

"Na ulipopima ule waya wa taa, kilikuwepo?"

Nikafikiri. Kilikuwepo.

"Na sasa hivi unapima nini?"

Nilikuwa sipimi kitu. Ncha zote mbili zilikuwa zinaning'inia hewani.

"Basi ni betri ya nani?"

Mke wangu aliingia ndani ghafla. Nilimsikia akicheka huko jikoni, kisha akafunga mlango ili asisikike, akasikika zaidi.

Mama mkwe hakucheka. Alifungua tochi yake, akatoa betri moja aliyoiweka jana yake, akanipa. Ubavuni imeandikwa volti 1.5. "Pima hii." Nikapima, mita ikaandika 2.2 bila haya. Kumbe mita ya namna ile hulinganisha umeme wa nje na kipimo ilichonacho ndani. Betri yake ikichoka, kipimo cha ndani nacho hunywea, na kila cha nje kinaonekana kikubwa, kama fundi cherehani anayepima watu kwa futi iliyosinyaa. Na kwa kuwa ilizidi kuchoka kila siku, volti za Kaa zilizidi kupanda. Nikampigia shemeji simu. "Si nilikwambia ubadilishe betri?" akasema.

Nikaiwekea mita betri mpya ya volti 9. Kialama kikatoweka. Kaa ikasoma 11.8.

Niliichaji usiku kucha, asubuhi ikawa 12.7. Nikawasha: injini ikiwa taratibu 12.5, nikipiga resi 12.6, nikiwasha taa na feni ikashuka 12.2 na ikaendelea kuteremka. Haichaji. Yaani kile kile ambacho wale vijana sita wangeniambia kama ningewauliza.

Nikaenda kwenye steta, ile duara ya koili inayozungukwa na sumaku za gurudumu la injini. Inatoa waya tatu za njano. Nikachomoa plagi, nikaweka mita kwenye AC, yaani umeme unaogeuka-geuka upande, nikapima waya mbili mbili: volti ishirini na kitu injini ikiwa taratibu, hamsini na kitu kwenye resi, na jozi zote tatu zililingana. Hilo la kulingana ndilo kubwa, jozi moja ikibaki nyuma ujue koili ina hitilafu. Nikazima, nikageuza mita kwenye ukinzani, nikapima kila waya na bodi ya injini, hakuna waya uliokuwa na njia ya kuvujishia umeme huko. Steta mzima. Regyuleta mpya. Mtumaji yupo, mpokeaji yupo, mzigo haufiki.

Nikaitazama plagi niliyokuwa nimeishika.

Ilitakiwa iwe nyeupe. Upande mmoja ulikuwa wa kahawia, kona imeyeyuka na kuganda kama nta ya mshumaa. Ndani, pini mbili zinang'aa. Ya tatu nyeusi, imelegea, ukiigusa kwa ncha ya bisibisi inacheza kama jino la mtoto wa miaka 6. Maji ya matope yaliingia, pini ikashika kutu, ikapitisha umeme kwa shida, ikapata moto, ikalegea, ikapata moto zaidi. Waya mmoja kati ya mitatu ukikatika, inabaki jozi moja tu inayofanya kazi, na hiyo haitoshi kulisha taa, feni na betri. Na mimi plagi hiyo nilikuwa nimeivuta kwa koleo, nimeinusa, nikaisifu.

Nilikata sehemu iliyoungua, nikamenya waya mpaka kwenye shaba safi, nikaunga kila waya na mwenzake kwa lihamu na kuvalisha mpira unaosinyaa kwa moto. Kuna mafundi wasiopenda kuunga moja kwa moja bila plagi, kwamba siku regyuleta ikifa utakata tena. Wana haki. Ila mimi sina wasiwasi wa regyuleta, ninayo ya akiba rafuni, ile ya kwanza, ambayo haikuwahi kuwa na kosa lolote.

Nikawasha Kaa, nikapiga resi, nikaweka ncha kwenye betri. 14.2. Nikawasha taa na feni: 14.0. Nikageuka barazani kutangaza.

"Umetazama kona?" akauliza mama mkwe.

"Nimetazama, mama."

"Tazama tena."

Nikatazama tena.