Paa Huonekana Angani, Mpaka Hauonekani

Kuanzia mwaka 2016 Unguja na Pemba zilipigwa picha kwa droni katika mradi wa ramani ulioishirikisha Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na picha hizo ni kali kiasi kwamba pikseli moja ni sentimita chache tu za ardhi. Lakini picha si ramani. Ili nyumba ihesabike na njia ipimike, lazima mtu achore juu yake matabaka ya vekta, yaani michoro ya nukta, mistari na poligoni (maumbo yaliyofungwa pande zote). Mjadala uliopo ni kama kazi hiyo ifanywe na mkono wa mtu au iachiwe mashine.

Wanaotetea mashine wana hoja nzito. Visiwa vina takriban kilomita za mraba 2,500 na nyumba mpya zinachipua kila mwezi, kwa hiyo anayechora kwa mkono kipeo kwa kipeo, yaani pembe kwa pembe, hamalizi wilaya moja kabla ya wilaya hiyo kubadilika. Mwaka 2018 picha hizohizo zilitumika katika shindano la kufundisha kompyuta kutambua majengo yaliyokamilika, yanayoendelea kujengwa, na misingi mitupu. Tena mkono nao una kasoro zake, ingawa sisi wachoraji hatupendi kuzitaja. Wape vijana wawili nyumba moja: mmoja atafuata ukingo wa bati, mwengine atakisia ukuta ulipo chini ya upenu, na kila mmoja ataapa kuwa yeye ndiye aliyepatia. Na asiyeangalia mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazotaja mahali, akachanganya Arc 1960 ya ramani za zamani na WGS 84 ya picha mpya, atazikuta nyumba zake zimehama takriban mita 300, pengine zimeingia baharini.

Hata hivyo, mashine huona paa tu. Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja ambako mabati yamegusana, inaweza kuzifanya nyumba tatu kuwa poligoni moja. Huko shamba, nje ya mji, mnazi ulioinamia makuti huila nusu ya nyumba. Makosa ya namna hiyo hurekebishika kwa kubofya mara chache. Yasiyorekebishika kwa kubofya ni yale ambayo picha yenyewe haina jibu lake. Chukua pwani ya Jambiani. Wakati wa bamvua maji yakipwa, bahari hurudi nyuma mbali sana na mashamba ya mwani yote hubaki wazi. Yakijaa, vigingi havionekani. Droni ilipita saa fulani ya siku fulani, na mstari wa pwani utakaochorwa kwa picha ile ni mstari wa saa ile tu. Mashine itauchora bila kusita, na hapo ndipo ninapoiogopa.

Pemba kuna gumu zaidi. Kwa mila za huku, mikarafuu inaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwengine, nayo poligoni moja yenye safu moja ya jina la mmiliki katika jedwali lake inamfuta mmoja wao. Hapo dawa ni kutenga tabaka la nukta kwa miti na tabaka la poligoni kwa viwanja, na kwenda na sheha, kiongozi wa mtaa, na majirani hadi kwenye mpaka wenyewe.

Kwa hiyo mapaa naiachia mashine, mradi mtu ayapitie baadaye. Mipaka na pwani siiachii. Na kila tabaka liwe na safu ya aliyechora, tarehe ya picha, na hali ya maji. Hiyo ya mwisho usiiite "hali_ya_maji" ukiwa unahifadhi kwa shepufaili, muundo wa zamani wa faili za ramani, kwa kuwa muundo huo haupokei zaidi ya herufi 10 katika jina la safu na utakurudishia "hali_ya_ma". Andika "maji" tu, au hifadhi kwa GeoPackage, muundo mpya zaidi usio na kikomo hicho.