Macho ya Machokali na foleni ya KICC

Mwanzoni mwa Agosti 2023, maelfu ya watu walipanga foleni nje ya jumba la KICC jijini Nairobi, kila mmoja akingoja zamu yake ya kutazama ndani ya tufe linalong'aa. Tufe hilo lilipiga picha mboni za macho. Aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali za Worldcoin zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi. Wapo waliowaambia wanahabari waziwazi kwamba walichofuata ni pesa, basi. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo, lakini Wakenya zaidi ya 300,000 walikuwa wamekwisha kusajiliwa.

Nilipoziona picha za foleni ile nilimkumbuka Machokali. Huyu ni waziri katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Mũrogi wa Kagogo, iliyoanza kutoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 2004. Machokali anakwenda London kufanyiwa upasuaji wa kupanua macho ili awaone maadui wa Mtawala popote walipojificha. Mwenzake Sikiokuu hataki kuachwa nyuma, naye anakwenda Paris kuongezwa masikio. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa majina hayo.

Riwaya za namna hii, zinazochora nchi ambamo binadamu amebanwa hadi pumzi, tunaziita za distopia. Wanaozipenda husema ni kioo cha dunia yetu. Wanaozishuku husema zinatujaza hofu isiyotufaa kitu. Nadhani kila upande una hoja, na hoja za wenye shaka ni nzito kuliko tunavyopenda kukiri.

Kwanza nizitetee. Nguvu ya riwaya hizi ni kwamba hulipa umbo jambo ambalo raia analihisi tu. Kabla ya kusoma kuhusu waziri mwenye macho ya kuongezwa, mtu hujua kwamba anatazamwa, ila hana pa kulishikia jambo hilo. Watawala nao huielewa nguvu hii. Ngũgĩ alisimulia kwamba baada ya riwaya yake Matigari kutoka mwaka 1986, habari zilienea vijijini kuhusu mtu wa jina hilo anayezunguka nchi akiulizia ukweli na haki. Amri ikatolewa akamatwe. Polisi walipogundua kwamba msakwa ni mhusika wa kitabuni, walikikamata kitabu chenyewe, wakakiondoa madukani mwaka 1987. Serikali isingehangaika hivyo kwa hadithi isiyogusa kitu.

Sasa upande wa pili. Katika riwaya ya George Orwell ya mwaka 1949, Nineteen Eighty-Four, ile ya Winston Smith na skrini inayomtazama kutoka ukutani, kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Makabwela, ambao Orwell anawahesabu kuwa asilimia 85 ya watu wote, kwa sehemu kubwa hawana skrini hizo nyumbani mwao. Chama kinachotawala hakijishughulishi nao. Wanaochunguzwa usiku na mchana ni watu wa ofisini, wanachama, wenye kuandika na kufikiri. Nairobi ilikuwa kinyume kabisa. Jicho lilimtafuta kwanza yule asiye na kitu, na halikuja na askari. Lilikuja na shilingi 7,000. Anayeitafuta hatari kwa kumsubiri mtu wa buti mlangoni angepita kando ya foleni ile bila kushtuka.

Kuna upungufu mwingine. Riwaya hizi humfanya msomaji aamini kwamba kuonekana na dola ni adhabu daima. Waulize Wanubi wa Kenya, ambao kwa miaka mingi vijana wao wamehojiwa asili yao kabla ya kupewa kitambulisho. Asiye na kitambulisho hafungui akaunti benki, hasajili laini ya simu, hapigi kura. Kutoonekana nako kunabana. Ndiyo maana Nubian Rights Forum, shirika la kutetea haki za Wanubi, ilipoupinga mahakamani mpango wa Huduma Namba, yaani namba moja ya utambulisho kwa kila mtu, hofu yake ilikuwa na pande mbili: taarifa za watu kukusanywa bila ulinzi, na watu wasio na karatasi kufungiwa nje moja kwa moja. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataza kukusanywa kwa DNA na ramani za mahali mtu anapoishi, na ikaitaka serikali iweke kwanza sheria madhubuti. Oktoba 2021 ikasema kadi za Huduma Namba zilitolewa kinyume cha sheria kwa sababu athari kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa.

Winston hana mahakama ya kukimbilia. Ndiyo maana riwaya ile inatisha, na ndiyo maana haiwezi kutufundisha namna ya kushtaki.

Hata hivyo, naegemea upande wa riwaya, kwa sharti kwamba tuzisome tukiuliza nani anaweza kukataa, na kukataa kunamgharimu nini. Kwa haki, wenye mradi wa Worldcoin walieleza kwamba picha ya jicho hugeuzwa kuwa msimbo kisha hufutwa, isipokuwa mwenyewe akubali ihifadhiwe. Neno hilo, akubali, ndilo linalonisumbua. Ridhaa ya mtu anayedaiwa kodi ya nyumba si sawa na ridhaa ya mtu aliyeshiba, hata kama wote wawili wamebonyeza kitufe kilekile. Ngũgĩ alituonyesha waziri anayenunua macho makubwa. Hakuna riwaya ya distopia ninayoijua iliyotuonyesha mwananchi akiuza picha ya jicho lake mchana kweupe na kurudi nyumbani akishukuru, na hiyo ndiyo ningependa iandikwe sasa, tena kwa Kiswahili.

Mei 2025, mwezi uleule Ngũgĩ alipofariki Marekani akiwa na miaka 87, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa zile za macho zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ulikuwa ushindi halisi. Kodi ya Agosti 2023 ilikuwa imelipwa zamani, na wenye nyumba walikuwa wamekwisha kubisha hodi kwa kodi nyingine ishirini na moja.