Pilau Halina Nyama (Laivu)

Haya, kwanza mkome. Tangu Jumapili asubuhi nimetumiwa ile sauti ya harusini mara thelathini na moja, na nusu yenu mmeanza na "hivi huyu si wewe?" Ndiyo, ni mimi. Sauti ni yangu, sinia lilikuwa mbele yangu, na maikrofoni niliitega mwenyewe kwa mikono yangu miwili. Ila ile hadithi aliyoiambatanisha Pacha, mwenzangu wa bendi, eti nilikuwa sijala tangu Ijumaa, huo ni uzushi mtupu. Saa nne asubuhi nilikunywa chai na chapati mbili. Tatu, basi. Ngojeni niseme yangu, mkimaliza mcheke.

Mnaotufuata mnajua mimi na Pacha tunapiga nini. Msiojua mkamuulize Shangazi, aliyesikiliza rekodi yetu ya kwanza dakika nane nzima, mikono mapajani kama yuko msibani, kisha akasema, "Zuri, mwanangu. Sasa wimbo unaanza lini?"

Ni ambienti. Hakuna ngoma, hakuna kiitikio, hakuna "mpenzi umeniacha". Sauti inaingia, inakaa, nyingine inakuja kukaa pembeni yake, zinazeeka pamoja. Za studio tunazo nne, na iliyo fupi kuliko zote ina dakika 17. Studio ni chumba cha Pacha pale Ngamiani, magodoro mawili ukutani na blanketi mlangoni, na tunarekodi saa nane za usiku kwa sababu kabla ya hapo kuna bodaboda na baada ya hapo kuna jogoo. Mna popo wa mapango ya Amboni humo, mna baiskeli isiyotiwa grisi inapita polepole (Tanga hii, ungetaka niweke nini?), na juu yake gitaa la Pacha na kinanda changu. Rekodi hizo zina wasikilizaji kumi na mmoja. Saba ni mimi, kwa simu za watu.

Sasa, ili muelewe aibu yangu lazima muelewe mtambo. Mwaka 1972 Waingereza wawili, Robert Fripp na gitaa lake na Brian Eno na mashine zake, walikaa na rekoda mbili za tepu. Utepe unatoka rekoda ya kwanza, unapita hewani, unaingia ya pili. Ya kwanza inarekodi, ya pili inaisoma sauti sekunde chache baadaye na kuirudisha kule kwa ya kwanza, irekodiwe tena. Ukipiga noti moja inarudi, inarudi tena, kila safari dhaifu kidogo, na wewe unazidi kupiga juu yake. Mtu mmoja na gitaa moja anajaza chumba kizima. Sisi rekoda za tepu hatuna. Tuna laptopu ya Pacha iliyong'oka herufi N, na programu inayofanya vilevile. Tumeitega sekunde sita, na marejeo, yaani kiasi cha sauti kinachorudi kila safari, asilimia 97. Kumbukeni hizo namba mbili, maana ndizo zilizonizika. Chochote kinachoingia kwenye maikrofoni kinarudi baada ya sekunde sita, na hakifi upesi. Programu haijui noti wala haijui umbea. Yote kwake ni sauti.

Mjomba anamwoza binti yake. Akaniita. "Nasikia una bendi." Shikamoo mjomba, ndiyo mjomba, tuko wawili. "Mnapiga nini?" Nikasema muziki wa utulivu. Akafurahi! Akasema usiku kutakuwa na taarabu, lakini wakati wa kula anataka kitu laini, watu wateremshe chakula bila kupigiwa kelele. Shilingi elfu hamsini na kula tutakula. Mimi nikaona milango imefunguka. Onyesho letu la kwanza la laivu, na Pacha atalirekodi, tutatoa rekodi ya laivu kama wakubwa. Jamani, mji huu umetoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, umetoa taarabu za Black Star na Lucky Star. Nikajiona na mimi nimo kwenye foleni.

Ukumbi umejaa. Upande wa kulia wetu, upande wa kushoto watu wa bwana harusi, wametoka Pangani na basi zima. Wale wa taarabu wameshapanga vyombo vyao nyuma yetu, wakatuazima spika zao, kila moja kama kabati la nguo. Mpiga kinanda wao akanitazama nikiweka kifuu cha nazi chenye makombe ya pwani juu ya kigoda, na maikrofoni nikaiinamisha juu yake. Akaniuliza kwa upole, "Hicho ni cha nini, kijana?" Nikamwambia ni cha mawimbi. Akaenda kukaa.

Makombe yana sauti ndogo. Kwa hiyo maikrofoni ile nikaipandisha hadi mwisho. Na hilo mlikumbuke.

Tukaanza. Pacha akavuta noti moja ndefu, ikarudi, nikaweka yangu chini yake, nikatikisa kifuu, bahari ikaingia ukumbini. Wallahi ilikuwa nzuri. Dakika ya kumi nikafumbua macho. Hakuna aliyekuwa akitutazama hata mmoja. Brian Eno aliandika mwaka 1978 kwamba muziki wa aina hii lazima uweze kupuuzwa kiasi kilekile unachovutia. Kwa kipimo hicho tulikuwa tumefaulu mtihani wote. Dakika ya kumi na tano MC akachukua maikrofoni yake akasema, "Ndugu wageni, tuwe na subira, mafundi wakimaliza kujaribu mitambo burudani itaanza." Pacha akaendelea kupiga. Ila shingo yake niliiona ikishuka.

Hapo ndipo lilipokuja sinia.

Mama mmoja wa jikoni alituonea huruma, akasema hawa vijana wamesimama tangu adhuhuri na hayo majenereta yao, wapeni wale. Sinia likawekwa juu ya meza yangu, jirani kabisa na kigoda. Sisi tulikuwa wa mwisho kupakuliwa, na sinia la mwisho mnalijua. Kwa juu kipo kiazi. Nikachimba upande huu, wali. Nikachimba upande ule, mdalasini. Nikazama hadi bati. Pacha mikono yake iko kwenye gitaa, ananiuliza kwa macho tu: vipi? Nikainama ili nimnong'oneze.

Niliinama. Ningekuwa nimesimama wima leo hii ningekuwa mtu na heshima zangu. Niliinama juu ya kigoda, mdomo ukafika shubiri moja kutoka kwenye kifuu, nikanong'ona taratibu, kila silabi na haki yake:

"Pilau lenyewe halina nyama."

Yale makabati mawili yakaipokea sentensi yangu yakaitoa ukumbi mzima, nzito, safi, na mwangwi wa bahari nyuma yake. Kwa mara ya kwanza ndani ya dakika ishirini, watu wakageuka kututazama.

Nikajifanya nakuna sikio. Nikajiambia imepita, watadhani ni MC. Halafu mwili mzima ukakumbuka kabla ya kichwa. Sita. Moja, mbili... nilikuwa nahesabu, mnisamehe, sikuweza kuacha... nne, tano.

"Pilau lenyewe halina nyama."

Tamu zaidi kuliko mwanzo, maana sasa ilikuwa juu ya noti ya Pacha.

Naomba niingize jambo hapa, kwa sababu kuna wanaosema nilitumwa. Sikutumwa! Sikujua kwamba ng'ombe aliyeahidiwa na upande wa bwana harusi alifika akiwa mbuzi wawili. Sikujua kwamba tangu alfajiri jikoni kulikuwa na mashauri. Mimi juma zima nilikuwa Amboni navizia popo. Mji mzima unamjadili ng'ombe, mimi nimo pangoni.

Mara ya tatu iliporudi, mama wa bwana harusi alikuwa na tonge hewani. Nililiona lile tonge. Halikwenda mdomoni, halikurudi kwenye sahani, lilikaa palepale. Nikasema, "Lahaula!" Nilisema nikiwa bado nimeinama.

Kwa hiyo ikawa: "Pilau lenyewe halina nyama... lahaula." Sekunde sita. "Pilau lenyewe halina nyama... lahaula."

Nikapaza sauti, "Zima, Pacha, zima!" Nayo ikaingia.

Pacha amekauka. Nikairukia laptopu nishushe marejeo, na hapa mnielewe, vidole vyangu vilikuwa vimetoka kwenye sinia. Mafuta ya samli. Kidole kikateleza, kile kialama kikakimbia upande usio wake, kutoka 97 kikagota 100. Kwenye mia sauti haipungui. Hairudi dhaifu kidogo, hairudi dhaifu hata chembe. Itarudi mpaka kiama kisimame.

Na mpiga dumbaki wa taarabu, Mungu amsamehe kwa sababu mimi bado, akasikia mpigo humo ndani. Pilau lenyewe, dum, halina nyama, dum-taka, lahaula, zima-Pacha-zima. Akaanza na kidole kimoja. Kisha viwili. Kisha kiganja.

Upande wetu kigelegele cha kwanza kikatoka. Bi mkubwa mmoja, jirani wa Mjomba, mwanamke ambaye nilikuwa namwona kila Ijumaa akitembea kwa fimbo, akainuka bila fimbo. Akaja akijizungusha, kanga begani, akanibandika noti ya elfu tano kwenye paji la uso. "Rudia hapo kwenye nyama!" Mama, sihitaji kurudia, inajirudia. Wakainuka wengine. Walikuwa wanatunza! Dakika ishirini za sanaa yangu hakuna aliyenipa hata mia, na sasa foleni ya noti imefika mlangoni, maana kwao huu ulikuwa mpasho uliotungwa na kupangwa, na upande wa kushoto umepigwa kijembe mbele ya biharusi.

Mnadhani watu wa Pangani walikaa kimya? Akaja shangazi wa bwana harusi, mweusi tii, dhahabu hadi kwenye kiwiko, hana haraka. Hakuniangalia. Aliinama juu ya kifuu changu cha makombe kama aliyekifanyia mazoezi, akasema:

"Mmepewa mume, mwataka na ng'ombe?"

Nayo ikaingia. Kwenye mia.

Basi ukumbi ukapasuka. Upande wa kulia wanangoja ya kwao, ikifika wanaruka. Upande wa kushoto wanangoja ya kwao, ikifika wanaruka. Pilau lenyewe halina nyama, lahaula, mmepewa mume mwataka na ng'ombe, zima Pacha zima. Mimi nimesimama katikati na noti pajini, nikitikisa kifuu. Msiniulize kwa nini nilikuwa natikisa kifuu. Mikono ilitaka kazi.

Mzee mmoja ndiye aliyeng'oa waya ukutani. Yaliyobaki ni mafupi: wazee walikaa, Mjomba hakunilipa elfu hamsini na sikumdai, ndoa ipo na ina afya, maarusi wenyewe walicheka mpaka wanja ukateremka. Kwenye kutunzwa nilipata elfu sabini na nne. Mpiga kinanda wa taarabu alinisogelea wakati tunafunga nyaya akasema, "Sauti unayo, ila maneno yaongeze." Naomba asisome hapa.

Sasa Pacha. Nilimwambia usiku uleule, faili lile lifutwe. Akaniambia nisijali, hata wakubwa yaliwakuta: mwaka 1973 John Peel, mtangazaji wa redio ya BBC, aliipiga rekodi ya Fripp na Eno kinyumenyume hewani, na mwezi Mei 1975 wakapiga Paris, pale Olympia, mbele ya watu waliotegemea kusikia nyimbo. Rekodi ya usiku ule wa Paris ikaja kutolewa mwaka 2014. Miaka 39, Pacha! Wenzio walisubiri miaka 39. Wewe hukusubiri hata dakika 39, nimefika nyumbani sijavua viatu naikuta kwenye kundi la familia, kundi la shule na kundi la wenye bodaboda, imeandikwa "Rekodi yetu ya kwanza ya laivu, tupeni maoni."

Maoni yapo. Za studio bado zina kumi na mmoja. Hii imeshafika Muheza, imepanda hadi Lushoto, kuna kinyozi ameifanya mlio wa simu. Shangazi naye kapiga. "Hii sasa ni nyimbo," akasema. "Ile nyingine nilikuwa nakuficha tu."

Jana jioni mtoto akabisha hodi na hotpoti kubwa la maua. Katumwa na mama wa bwana harusi, na salamu hakuna, ila kasema nifungue mwenyewe. Pacha alikuwepo, alikuja kujifanya anaomba radhi. Nikafungua kifuniko. Nyama. Nyama tupu, mpaka chini, nimechimba kwa kijiko hadi bati, na punje ya wali sikuona hata moja.

Nikavuta kiti. Nikainua macho, Pacha kashaweka maikrofoni mezani.

"Tafuna taratibu," akasema.