Fomu Zilijazwa, Lakini Je, Kazi Ilifanyika?

Majuzi nilihudhuria kikao hapa Nairobi ambapo watafiti walitangaza kwamba kuwatembelea akina mama nyumbani na kuwashauri juu ya unyonyeshaji hakukuleta tofauti yoyote. Mhudumu mmoja wa afya ya jamii alisimama akauliza walijuaje kwamba ushauri huo ulitolewa jinsi ulivyopangwa, naye akajibiwa kwamba fomu zote zilijazwa. Jibu hilo limenikera mno.

Fomu za aina hiyo nazijua. Huwa na safu ndefu ya mada, na anayetia alama ni yule yule aliyetumwa kufanya kazi. Hebu mtu aende Mathare asubuhi, amkute mama akifua uani, mtoto akilia mgongoni na majirani wakisikiliza kila neno, kisha aniambie kama mada zote hizo zitazungumzwa katika ziara moja. Mhudumu mwenye busara atachagua mbili zinazomfaa mama yule, halafu atatia alama kila mahali, kwa kuwa posho yake hutegemea fomu iliyokamilika. Simlaumu hata kidogo. Ninawalaumu waliofunga malipo yake kwenye alama hizo, kisha wakaziita ushahidi.

Linganisha na jaribio la WASH Benefits, lililowapa watu mambo kama klorini ya kutibu maji, vyoo na mafunzo ya kunawa mikono: lile lililofanyika Bungoma, Kakamega na Vihiga na kuchapishwa mwaka 2018 halikupunguza kuhara kwa watoto, ilhali pacha wake wa Bangladesh lilipunguza. Lakini watafiti wa hapa Kenya walipima mabaki ya klorini katika maji ya kunywa majumbani, wakaona kwamba matumizi yalishuka katika mwaka wa pili, na inajulikana pia kwamba wahamasishaji wa Bangladesh walizitembelea kaya mara nyingi zaidi. Kwa hiyo tunaweza kujadiliana kama kasoro ilikuwa katika klorini yenyewe, katika uchache wa ziara, au katika njia nyingine za maambukizi. Bila vipimo hivyo, tungesema tu kwamba klorini haifui dafu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mpango wenye sehemu nyingi hauwezi kufuatwa neno kwa neno kila mtaa. Penelope Hawe, mtafiti wa afya ya umma, na wenzake walilieleza hilo mwaka 2004, wakisema kinachopaswa kubaki kile kile ni kazi inayofanywa na kila sehemu, hata umbo lake likibadilika. Basi na iandikwe mapema ni kipi kisichoguswa na kipi kinachoweza kurekebishwa. Mazungumzo machache yarekodiwe kwa idhini, baadhi ya ziara zishuhudiwe, na mama mwenyewe aulizwe aliambiwa nini. Ni kweli kwamba anayetazamwa hujitahidi zaidi, na kwamba haya yote yana gharama.

Kamati za maadili ya utafiti zinaweza kulidai jambo hili kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, nami sioni kwa nini ziidhinishe jaribio lenye fungu la fedha la kupima matokeo lakini lisilo na fungu la kupima kazi iliyotarajiwa kuyaleta.