Uaminifu haulipi karo

Kuna mwandishi amewasifia wafanyakazi wanaozidi kuripoti kazini hata mshahara usipoingia, eti huo ndio uzalendo wa kampuni. Mimi nakataa. Mjomba wangu alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha sukari huku magharibi mwa Kenya. Mitambo ilipozimwa alikuwa bado anatoka nyumbani alfajiri na ovaroli imepigwa pasi, akapake grisi rola za kusagia miwa zisishike kutu. Hakuna aliyemtuma. Ukimuuliza, anakuambia "tukiwasha tena zitahitajika". Mama watoto wake ndiye aliyekuwa akizungushwa na bwana wa duka kwa deni la unga.

Simlaumu, maana kiwanda kile kilimjengea nyumba na kumsomeshea watoto, na mtu hasahau. Lakini jamani, kampuni ya sukari ya Mumias haikuanguka kwa kukosa watu wa kujitolea. Ilipowekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa na mdai kuikomboa pesa yake, mwaka 2019, wenye kuipenda walikuwepo tele, kuanzia kiwandani hadi kwa wakulima wa miwa.

Halafu someni Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015. Kampuni ikifilisiwa, mshahara unaopewa kipaumbele ni wa miezi minne ya mwisho, tena una kikomo. Zaidi ya hapo unapanga foleni na wadai wengine, na benki yenye dhamana imeshachukua chake. Kwa hiyo ndugu mfanyakazi, kama malimbikizo yako yamepita miezi minne, muone afisa wa chama chako cha wafanyakazi wiki hii, na payslipu zote uwe nazo mkononi.