Ekari 2.5 za Kiryandongo

Mvua zikikaza Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, swali ni lilelile kwenye vijiwe vya mji wa Mbale: hawa watu wa Bududa, wilaya ya mteremkoni, mbona hawahami? Jibu nalo liko tayari: ni wakaidi. Neno hilo mimi silikubali.

Hoja ya serikali, kwamba wahame, ina uzito. Tarehe 1 Machi 2010 mlima uliporomoka ukakifunika kijiji cha Nametsi, Bududa. Waliokufa na wasioonekana tena walikadiriwa kupita 300. Oktoba 2018 mto Suume ulishuka na mawe na matope, ukaua zaidi ya watu 40. Novemba 2024 ikawa zamu ya Bulambuli, wilaya nyingine ya mlima huohuo. Mteremko uliokatwa miti, ukanywa maji siku kadhaa, haushikiki. Anayewaambia watu watoke hasemi uongo.

Lakini watoke waende wapi? Manusura wa 2010 walipelekwa wilaya ya Kiryandongo, magharibi mwa nchi, zaidi ya kilomita 250 kutoka kwao, kila familia ikapewa ekari 2.5. Kwa aliyezoea kipande cha mteremko, hizo zaonekana nyingi. Zihesabu tena. Kwa Wagisu, wenyeji wa mlima huu, kijana akishapita imbalu, yaani jando, ni mwanamume, na baba humkatia shamba. Mwenye wana watatu akigawa, kila mmoja hafikishi ekari moja, na mzee mwenyewe habaki hata na pa kusimika mgomba. Kahawa ndiyo usiseme: arabika yataka baridi ya juu, Kiryandongo ni joto na mahindi. Gunia la mahindi likishauzwa limekwisha. Mibuni aliyoiacha juu ilikuwa karo ya kila mwaka, na mwenye duka alimkopesha chumvi na sabuni kwa kuitazama tu ikichanua. Nyuma ya nyumba, kati ya migomba, yamo makaburi ya wazazi wake. Baadhi walirudi. Walipiga hesabu, wakaona njaa ya huko ni ya hakika kuliko maporomoko ya huku.

Bunambutye, walikoanza kuhamishiwa watu mwaka 2019, ni nafuu kubwa: nyumba za matofali, tambarare ya Bulambuli, mlima ukiuona. Mtu anaweza kulala chini salama, msimu ukifika akapanda kuchuma kahawa yake. Huo ndio mpango ningeutetea popote, ingawa kule nako ni kukavu na ardhi imegombaniwa. Basi hati ya ardhi ikabidhiwe kabla lori halijapakia magodoro, na shamba la juu libaki kwa jina la mwenyewe.