Mkanda Ukilia, Usikimbilie Kuukaza

Masika yaliyopita, kila nikiwasha Toyota IST yangu alfajiri mtaa mzima ulijua naenda kazini. Feni belti, ule mkanda wa mpira pembeni ya injini, ilikuwa inalia mlio mkali, injini ikipata moto inanyamaza. Nikaenda kwa fundi. Akafungua boneti, akalegeza bolti za alterneta, ile mashine ya kuchaji betri inayozungushwa na mkanda huo, akaisukuma kwa nondo, akabana. "Tayari bosi, haulii tena huo."

Wiki mbili baadaye ukalia, akaukaza tena. Mara ya tatu aliukaza mpaka ukawa kama uzi wa gitaa, na kweli ukanyamaza. Kilichokuja badala yake ni mngurumo wa beringi za alterneta. Fundi mwingine ndiye aliyemulika tochi pembeni ya injini na kuniambia: pampu ya maji inavuja, maji ya rejeta yanadondokea mkanda, ndiyo maana unateleza. Mkanda haukuwa umelegea hata siku moja.

Tangu hapo nina ugomvi na neno "kaza". Mkanda una mvutano wake. Ukipungua, unateleza. Ukizidi, mzigo wote unalalia beringi za alterneta na za pampu ya maji, vitu vinavyogharimu mara nyingi kuliko mkanda wenyewe. Kwa magari mengi ya Toyota unabonyeza katikati ya sehemu ndefu kati ya puli mbili, yale magurudumu yanayobeba mkanda, kwa nguvu ya kama kilo 10, na mkanda unaingia ndani takriban sentimita moja. Kila injini ina kipimo chake kwenye kitabu chake, na mkanda mpya hufungwa ukiwa umekaza zaidi kidogo. Toyota huhesabu mkanda kuwa mpya kabla tu injini haijazunguka nao dakika 5. Baada ya hapo umeshakalia puli na kulegea kidogo, lazima upimwe upya. Fundi anayefunga mkanda, anafunga boneti na kukuaga papo hapo, ameacha kazi katikati.

Kuna jaribio dogo ambalo natamani kila gereji ilifanye kabla ya kushika spana. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, rushia maji kidogo kwenye upande wa mkanda wenye mistari, ukitumia chupa ya kupulizia, mikono na nguo vikiwa mbali. Mlio ukiongezeka, mkanda unateleza, na hapo kweli tafuta habari za mvutano. Ukinyamaza kisha ukarudi, mara nyingi puli hazijanyooka, na ukikaza unaharibu zaidi. Kupaka sabuni ya mche au mshumaa kunaficha mlio tu. Oili ndiyo mbaya kabisa, inaula mpira.

Jambo jingine linalotudanganya ni nyufa. Mikanda ya zamani ilipochoka ilipasuka, ukaiona kwa macho. Mingi ya siku hizi imetengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao unalika kama tairi bila kupasuka, hivyo unaweza kuusifu mkanda uliokwisha kabisa. Angalia kina cha mifereji yake. Na mikanda ile ya umbo la V hushika puli kwa pande zake mbili, si kwa chini. Ukiona umezama mpaka chini ya mfereji na sakafu ya puli inang'aa, nunua mwingine. Soma namba mgongoni mwa ule wa zamani kabla hujaenda kwenye spea: kwa mfano 5PK1100 ni mistari 5, urefu milimita 1100.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu watu hudhani mkanda ni habari ya betri na AC. Kwenye injini ya 1NZ iliyomo ndani ya IST nyingi, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji. Taa nyekundu ya betri ikiwaka ukiwa barabarani, usiseme "nitafika tu". Simama uangalie, maana kama mkanda umekatika, maji hayazunguki na injini inaungua. Kwenye Hiace za zamani za dizeli, zile zenye injini za 2L na 3L, mambo ni mazito zaidi: pampu ya vakyumu inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa alterneta. Mkanda ukikatika, baada ya kukanyaga mara chache tu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Fikiria hilo ukiwa unateremka Kitonga na abiria nyuma.

Siku hizi nikimpelekea fundi gari linalolia, namwomba kwanza atafute panapovuja, azungushe kila puli kwa mkono mkanda ukiwa nje, asikilize beringi. Wengine hukunja uso. Yule aliyeiona pampu yangu hakukunja, na ndiye ninayempelekea gari mpaka leo.